Bweni au kutwa? Kumchagulia mtoto nafasi katika shule binafsi ya maandalizi ya chuo Marekani

Fomu za maombi za shule hizi huuliza swali moja mapema kabisa, kabla ya alama na kabla ya insha: mtoto anaomba bweni au kutwa? Wazazi wengi hulijibu haraka kwa kuangalia ada au umbali wa nyumba, kisha wanageukia mambo wanayoyaona mazito zaidi. Kwangu mimi hakuna swali zito kuliko hilo katika fomu nzima. Shule ni moja, walimu ni wale wale, cheti ni kile kile, lakini kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi wanapolala, mtoto wa bweni na mtoto wa kutwa wanaishi maisha mawili tofauti. Saa hizo ndizo mnazochagua.

Ninazungumzia sekondari binafsi za Marekani zinazochukua darasa la 9 hadi la 12, zenye kusudi la kumfikisha mwanafunzi chuo kikuu akiwa ameiva. Nyingine huongeza mwaka mmoja kwa waliokwisha kuhitimu sekondari na wanaotaka kujiimarisha kabla ya chuo. Phillips Academy ya Andover, Massachusetts, ilianza mwaka 1778, na Phillips Exeter ya New Hampshire mwaka 1781. Kila moja ina wanafunzi zaidi ya 1,000, na zote mbili zinapokea wa bweni na wa kutwa.

Uwiano wa makundi hayo mawili hutofautiana sana, na ndio ningeuuliza kabla ya kitu kingine chochote. Exeter, takriban mwanafunzi mmoja kati ya watano ni wa kutwa. Andover ni kama robo. Milton Academy, karibu na Boston, sekondari yake imegawanyika karibu nusu kwa nusu. Cranbrook ya Michigan wa kutwa ndio wengi, na Thacher ya Ojai, California, ambako kila mwanafunzi wa darasa la 9 hukabidhiwa farasi wa kumtunza na kumpanda, karibu wote wanalala shuleni. Wa kutwa wakiwa wachache, ratiba nzima hupangwa kwa ajili ya wanaolala pale, na mtoto wenu atalazimika kujipenyeza. Wakiwa nusu au zaidi, wa bweni ndio wanaoweza kuona Ijumaa jioni shule ikipwaya wenzao wakienda nyumbani.

Darasani

Hapa wasiwasi wa wazazi ni wa bure. Mwanafunzi wa kutwa hapewi masomo mepesi wala walimu wa daraja la pili. Anakaa meza moja na mwenzake wa bweni, na nasema meza kwa maana halisi. Mwaka 1930 tajiri Edward Harkness aliipa Exeter fedha nyingi ili ibadili namna ya kufundisha, na kilichotokana nazo ni meza ya duaradufu ambayo wanafunzi wapatao 12 huizunguka pamoja na mwalimu. Hakuna safu ya nyuma ya kujificha. Mwalimu anauliza, anasikiliza, anawaacha wanafunzi wabishane juu ya shairi, hesabu au waraka wa historia waliousoma jana usiku. Lawrenceville ya New Jersey, iliyoanzishwa mwaka 1810, iliufuata utaratibu huo katika muongo huo huo, na leo shule nyingi za aina hii zinafundisha hivyo hata pale zisipotumia jina la Harkness.

Kwa mtoto aliyezoea kunakili ubaoni na kunyamaza mpaka aulizwe, huu ni mshtuko mkubwa kuliko baridi ya Januari. Ukimya wake, ambao nyumbani ni adabu, pale unasomeka kama hajasoma. Mwambieni mapema. Mfanyieni mazoezi mezani kwenu: asome makala, aitetee hoja yake mbele ya baba na mama, apingwe, ajibu bila kununa.

Darasa likiwa la namna hiyo, maandalizi ya usiku ndiyo yanayoamua kila kitu. Mwanafunzi huwa na masomo makuu matano hivi, na kila somo laweza kudai dakika 40 hadi saa nzima ya kazi. Hata kama si kila somo huja kila siku, jumla ni saa tatu hadi nne za usiku, tena kwa kichwa kilichotulia.

Wazazi huuliza pia juu ya kozi za AP, zile za kiwango cha chuo zinazosimamiwa na College Board, ambazo mtihani wake hufanyika mwezi Mei na alama zake ni 1 hadi 5. Msihesabu kozi hizo ili kuipima shule. Mwaka 2018 shule nane binafsi za eneo la Washington, zikiwemo Sidwell Friends na St. Albans, zilitangaza pamoja kwamba zitaziacha na kuandaa kozi zao nzito zenyewe, na zilikuwa shule zenye jina. Shule nyingine hufuata IB, mtaala wa kimataifa wa sekondari wenye masomo sita, insha ndefu ya maneno 4,000 na alama 45 za juu kabisa. Mapendekezo ya walimu na msaada wa ofisi ya ushauri wa vyuo, ambao kwa kawaida hushika kasi katika darasa la 11, nao ni ule ule kwa wote. Chaguo la bweni au kutwa haligusi lolote katika hayo.

Jioni

Vipindi vikiisha, wote wanaenda michezoni, maana katika nyingi ya shule hizi michezo ni sehemu ya ratiba na si hiari. Andover na Exeter zimekuwa zikikutana uwanjani tangu mwaka 1878, na bado siku hiyo shule nzima husimama. Basi mazoezi yanaisha karibu saa kumi na mbili jioni, na hapo njia zinagawanyika.

Wa bweni anaoga, anatembea hadi ukumbi wa chakula, anakaa na marafiki, pengine anapitia mazoezi ya tamthilia au kikao cha gazeti la shule. Saa mbili usiku yuko bwenini kwa prepo, ambayo kwa kawaida hudumu hadi saa nne. Mwalimu wa zamu anapita milangoni. Mwalimu huyo mara nyingi ndiye aliyemfundisha fizikia asubuhi na kumfundisha soka alasiri, na anaishi na familia yake katika nyumba iliyoungana na bweni. Mtoto akikwama kwenye swali la nne, anabisha hodi. Asipotaka kumsumbua mwalimu, anakwenda sebule ya bweni, ambako wenzake watatu wamekwama kwenye swali hilo hilo, na wanalitafuna pamoja mpaka linakubali.

Wa kutwa, saa hiyo ya kumi na mbili, anatafuta gari la mzazi kwenye maegesho. Anafika nyumbani saa moja, anakula, anafungua daftari saa mbili. Mpaka hapo yuko sawa na mwenzake. Lakini amekosa ule mlo, amekosa kikao kilichowekwa saa moja na nusu kwa sababu wengi wanalala pale pale, na swali la nne analipigania peke yake au kwa ujumbe wa simu. Siku moja si kitu. Ikiwa hivyo mwaka mzima, atahitimu akiwa na alama nzuri na marafiki wachache, akiijua shule kama mtu anavyoijua ofisi.

Tiba ipo, ila inategemea shule, na hapa ndipo muulize kwa undani. Je, chakula cha jioni kimo ndani ya ada ya kutwa? Anaruhusiwa kubaki mpaka saa ngapi? Ana kabati, dawati au angalau kochi lake mahali fulani, au mkoba wake unazunguka naye kutwa nzima? Je, ana bweni alilopangiwa, hata kama halali humo? Lawrenceville, ambako maisha yote yamejengwa juu ya nyumba zinazoshindana kwa michezo na mambo mengine, wanafunzi wa kutwa nao wana nyumba zao. Shule inayompa mtoto wa kutwa mahali pa kuitwa kwake imeshafikiria habari zake. Ile inayojibu tu kwamba anakaribishwa wakati wowote bado haijafikiria.

Sasa upande wa pili, na naomba mzazi asiupite haraka. Mtoto akienda bweni akiwa na miaka 14, mnakuwa mmemaliza kuishi naye kila siku miaka minne mapema kuliko wazazi wengine. Likizo zipo, simu zipo, lakini ile kumwona usoni anapoingia mlangoni, ukajua kabla hajasema kwamba leo hakuwa na siku njema, hiyo inakoma. Mwaka wa 15 na wa 16 wa mtoto hamtausikia kwake. Mtausimuliwa na mwalimu mshauri kwa barua pepe. Katika familia inayozungumza Kiswahili ndani na Kiingereza nje, meza ya chakula cha jioni ndiyo inayoilinda lugha, na bibi anayepiga simu kila Jumapili ataanza kujibiwa kwa sentensi fupi. Sisemi hayo ili kuwakataza. Nasema muyaweke kwenye mizani pamoja na ada na alama, kwa sababu yana uzito.

Dini nayo ina mahali pake hapa. Groton na St. Paul's zina asili ya Kanisa la Episkopali, na ibada za asubuhi ni sehemu ya ratiba kwa wanafunzi wote. Nyingine hazina dini rasmi ila zina viongozi wa kiroho wa imani mbalimbali. Kwa familia ya Kiislamu, mtoto wa kutwa anakula daku na futari nyumbani na swali linaishia hapo. Wa bweni anahitaji jibu la wazi: nani atamwandalia daku, mechi za mchana zitakuwaje wakati wa Ramadhani, na Ijumaa atasali wapi na nani. Shule zilizowahi kuwa na wanafunzi Waislamu hujibu hayo bila kusita.

Usingizi na barabara

Madaktari wa usingizi wa Marekani wanapendekeza saa 8 hadi 10 kwa vijana wa miaka 13 hadi 18, na chama cha madaktari wa watoto wa nchi hiyo kilishauri mwaka 2014 kwamba shule zao zisianze kabla ya saa mbili na nusu asubuhi. Sasa pigeni hesabu. Safari ya dakika 40 kwenda na 40 kurudi, kwa siku tano, ni karibu saa saba kwa wiki. Shule nyingi za bweni huwa pia na vipindi au mechi baadhi ya Jumamosi, kwa hiyo mara nyingine zinafika nane. Saa hizo hazitoki kwenye michezo wala kwenye kazi za darasani, zinatoka kitandani. Kwa maoni yangu, dakika 20 ni umbali mzuri, dakika 30 zinavumilika, na ikizidi 45 mnamchosha mtoto hata kama hajalalamika.

Wengine hutegemea kwamba mtoto ataendesha mwenyewe akikua. Someni sheria ya jimbo kwanza. Massachusetts hutoa leseni ya kijana kuanzia miaka 16 na nusu, na kwa miezi sita ya mwanzo haruhusiwi kubeba abiria walio chini ya miaka 18 wasio ndugu zake isipokuwa akiwa na dereva mzoefu wa miaka 21 au zaidi. Wazo la watoto watatu wa jirani kupanda gari la mmoja wao linakwama hapo. Tena majira ya baridi huko ni theluji na giza la mapema.

Bweni halina barabara, lakini lisichukuliwe kuwa ni dawa ya usingizi. Mwaka wa kwanza wengi hulala wawili chumbani, na mwenzake anaweza kuwa mtu wa kukesha. Ulizeni kama kuna saa ya kuzima taa kwa darasa la 9, na kama intaneti hukatwa usiku. Kwa mtoto wa miaka 14 ningependa jibu liwe ndiyo kwa yote mawili.

Ada

Katika shule kubwa za New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki, bweni limepita dola 65,000 kwa mwaka na kutwa imepita dola 50,000. Tofauti mara nyingi ni dola 10,000 hadi 20,000. Juu ya bweni ongezeni nauli za likizo, bima ya afya, na nguo za baridi. Juu ya kutwa ongezeni mafuta, pengine gari la pili, na saa za mzazi anayeendesha, ambazo kwa anayelipwa kwa saa ni fedha kamili.

Lakini kuna jambo ambalo familia nyingi zinazohitaji msaada wa ada hazilijui, na linaweza kugeuza hesabu yote. Katika shule zinazokidhi mahitaji ya familia kikamilifu, shule hukadiria kwanza uwezo wenu, kisha hujaza pengo. Kama umeonekana unaweza kutoa dola 6,000, basi utatoa karibu kiasi hicho bweni au kutwa, maana bweni likiwa ghali zaidi, ruzuku nayo inakuwa kubwa zaidi. Huenda bweni likaongezewa kidogo, kwa kuwa mtoto hali tena nyumbani. Kwa familia ya namna hiyo, kuchagua kutwa kwa kuogopa bei iliyoandikwa ni kujinyima bila sababu. Andover huamua nani apokewe bila kuangalia uwezo wa kulipa. Exeter ilitangaza mwaka 2007 kwamba familia yenye kipato cha dola 75,000 au chini haitalipa ada, na baadaye ikapandisha kiwango hicho hadi dola 125,000. Shule ndogo zisizo na hazina kubwa haziwezi hivyo. Kwao mwombaji asiyehitaji msaada ana nafasi bora, na kutwa inaweza kuwa mlango rahisi zaidi. Ombeni makadirio ya pande zote mbili kabla ya kuamua.

Kwa mtoto anayetoka nje ya Marekani

Mwanafunzi asiye raia wala mkazi husoma kwa viza ya F-1. Shule yenye kibali cha serikali hutoa fomu I-20 ya kuthibitisha kwamba imempokea, familia hulipa dola 350 za SEVIS, mfumo wa serikali wa kusajili wanafunzi wa kigeni, ndipo mtoto anakwenda ubalozini. Shule binafsi haina kikomo cha muda kwa viza hiyo mradi anaendelea na masomo. Sekondari ya umma kikomo ni miezi 12, tena kwa kulipa gharama kamili. Ndiyo maana wanaotaka miaka minne huelekea binafsi. Viza ya utalii haisomei, hata kama jamaa atasema amewahi kuona ikifanyika.

Je, anaweza kuwa wa kutwa akikaa kwa baba mdogo au shangazi? Sheria ya uhamiaji haimzuii. Shule ndizo zinazotofautiana. Nyingi hutaka mwanafunzi wa kutwa aishi na mzazi, nyingine hukubali mlezi mwenye hati za kisheria, na chache hupanga familia za kupokea wageni. Msimkabidhi mtoto kwa jamaa kwa mazungumzo ya simu tu. Shangazi anayefanya kazi zamu mbili ana moyo, lakini hawezi kuwa maegeshoni saa kumi na mbili jioni kila siku kwa miaka minne, na si haki kumwomba hivyo kwa sababu tu ni ndugu.

Kwa wengi wa kundi hili bweni ndilo jibu. Ila bweni hufungwa. Sikukuu ya Shukrani mwishoni mwa Novemba, likizo ya Desemba, na likizo ya Machi inayoweza kufika wiki mbili au zaidi, mabweni mengi hayalazi mtu. Hapo ndipo yule shangazi anakuwa baraka ya kweli: wiki chache kwa mwaka zinazojulikana mapema. Asiye na jamaa ahakikishe shule inapanga familia mwenyeji au inaacha bweni moja wazi, na gharama ijulikane kabla ya kutia saini.

Nani anamwangalia

Mwaka 2016 gazeti la Boston Globe lilichapisha uchunguzi juu ya unyanyasaji wa kingono katika shule binafsi za New England. Zaidi ya shule 60 zilitajwa, waathirika walizidi 200, na baadhi ya walimu walikuwa wameondolewa kimya kimya wakaenda kufundisha kwingine. Tangu hapo shule nyingi zimefungua nyaraka zao, zimebadili kanuni, na zinatoa mafunzo kila mwaka. Hilo halimwondolei mzazi wajibu wa kuuliza, na asione haya kuuliza mbele ya mtoto.

Kwa bweni: watu wazima wangapi wanaishi humo na kwa wanafunzi wangapi? Mwalimu akizungumza na mwanafunzi peke yao, mlango unakuwaje? Mtoto akidhulumiwa na mlezi wa bweni mwenyewe, anamwambia nani asiyeishi jengo hilo? Je, kuna muuguzi usiku? Kwa kutwa maswali yanapungua lakini hayaishi, maana mtoto huyo naye anashinda pale kwa muda wa saa 11 hivi na husafiri na timu. Faida yake ni moja na ni kubwa: kila usiku yuko mbele ya mtu anayemjua tangu kuzaliwa.

Mtoto gani, wapi

Kwetu bweni lina sura yake: kengele alfajiri, viranja, adhabu, kufua kwa zamu. Na wazazi wengi hulitumia kumnyoosha mtoto aliyeanza kupotoka. Shule hizi za Marekani hazifanyi kazi hiyo. Bweni lao lina uhuru mwingi kuliko nyumba nyingi za Waswahili. Hakuna anayemwamsha, hakuna anayemlazimisha kula, na kati ya vipindi ana saa nzima za kutumia apendavyo. Akinaswa na pombe au ametoroka bweni usiku, anafika mbele ya kamati ya nidhamu na anaweza kurudishwa nyumbani moja kwa moja. Mtoto anayehitaji kushikwa mkono kila siku, bweni litamwacha aanguke. Huyo mpeni kutwa, au msubiri mwaka mmoja; wengi huingia darasa la 10 bila shida.

Dalili ninayoiamini kuliko alama ni hii: akiumia, anasema? Kuna watoto wanaofaulu vizuri ambao wakianza kuzama wanatabasamu zaidi. Mtoto wa namna hiyo anahitaji macho yanayomjua, na macho hayo yako nyumbani. Yule anayemfuata mwalimu mwenyewe, anayegombana na rafiki na kupatana naye bila mama kuingilia, anayeamka kwa saa yake, yuko tayari kwa bweni hata kama ninyi hamko tayari.

Kuna mtoto mwingine ambaye hatajwi sana. Ni binti mkubwa wa nyumba, anayefika jioni akapika, akawaogesha wadogo zake, akafungua kitabu saa nne usiku. Wazazi wake si wabaya. Wanafanya kazi usiku na mchana ili asome. Mwandikisheni binti huyu kutwa katika shule inayodai saa nne za maandalizi, na mtakuwa mmempa kazi mbili za mtu mzima. Kwake bweni ni kimya, meza, taa, na ruhusa ya kuwa mwanafunzi tu. Kama bweni haliwezekani, basi familia ikae chini na kugawa upya kazi za jioni kabla ya Septemba, na iwe ahadi anayoisikia mwenyewe ikitamkwa. Ningetamani kila familia yenye binti kama huyo ilijadili hili kabla ya kujadili jina la shule.

Kabla ya kutia saini

Shule nyingi hufunga maombi Januari 15. Baadhi hutaka mtihani wa udahili wa SSAT, ambao ngazi yake ya juu ina alama 1,500 hadi 2,400 na hupunguza robo alama kwa kila jibu lililokosewa, kwa hiyo mtoto asibahatishe ovyo. Kwa anayetoka nchi isiyo ya Kiingereza huongezwa mtihani wa lugha. Majibu hutoka Machi 10, na familia hupewa hadi Aprili 10 kujibu.

Mwezi huo mmoja ndio wa kutembelea kwa macho makali. Msitosheke na ziara ya asubuhi inayoongozwa na mwanafunzi mchangamfu. Mtoto akae darasani siku nzima, kisha ombeni kubaki mpaka usiku. Akiomba bweni, aone prepo na korido ya saa tatu usiku. Akiomba kutwa, mtafuteni mwanafunzi wa kutwa wa darasa la 11, mbali na maofisa wa udahili, mumuulize jana aliondoka shuleni saa ngapi, alikula wapi, na rafiki yake wa karibu ni wa bweni au wa kutwa. Majibu yake yatawafaa kuliko kijitabu kizima cha shule.

Na ulizeni kama mlango wa kubadili upo. Kutoka kutwa kwenda bweni kwa kawaida kunawezekana baada ya mwaka, ila kunategemea vitanda vilivyobaki na kama fungu la ruzuku linaruhusu, na shule nyingine hutaka mwanafunzi aombe upya. Kutoka bweni kwenda kutwa ni kugumu zaidi. Shule nyingi hukubali pale tu familia inapohamia jirani. Jibu la hilo lipatikane kwa maandishi, likitaja pia ruzuku itakavyokuwa mwaka wa pili, kabla ya Aprili 10.